Tunaomba njia

Kambo yangu, mama wa mama, aliishi Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, mpaka alipofariki, na nyumbani kwake hakuna aliyeondoka bila kuomba njia. Uliweza kushinda naye kutwa nzima, ukala bukari, yaani ugali, kwa sombe la majani ya muhogo, ukanywa chai mara mbili, ukacheka naye mpaka machozi; lakini ukiinuka tu na kushika mkoba wako, alikutazama kama mtu aliyesahau jina lako. Ilikubidi ukae tena. Uweke mkoba chini, utulie, ndipo useme: "Kambo, tunaomba njia." Hata kama ulikuja peke yako ulisema "tunaomba," kwa sababu nyumbani kuna watu wanaokungoja, na njia unayoiomba ni yao pia.

Hakujibu papo hapo. Alitaka kwanza kujua watoto umemwachia nani, kama lile wingu la upande wa Ruashi umeliona, kama nauli unayo. Akiridhika alisema maneno mawili: "Njia iko." Hapo alisimama mwenyewe, akakaza kitenge chake kiunoni, akakusindikiza mpaka konani.

Katika utoto wangu wote nilimwona mara moja tu akiikataa njia. Mjomba alikuja asubuhi na begi, anakwenda Kolwezi, gari linamsubiri. Akaomba njia akiwa amesimama. Kambo akamwambia akae. Akakaa, akaomba tena. Kambo akasema, "Leo njia haiko." Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, fundi wa mitambo, na alilala pale siku ile kama mtoto. Ninapoisimulia habari hii watu husubiri kusikia kwamba lile gari lilipinduka. Halikupinduka. Lilifika Kolwezi salama. Kambo alikuwa ameona tu kwamba mwanawe ametoka kwake kwa hasira, kwamba mke hakuagwa, na hakutaka mtu asafiri kilomita 300 na hasira begani. Kesho yake mjomba alirudi nyumbani kwanza, kisha akaenda Kolwezi.

Nimekuwa nikifikiria habari hii tangu mwaka huu wa masomo uanze. Ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na siku moja niliwauliza wanafunzi wangu: hiki tunachokiita otorizasio, kwa Kiswahili ni nini? Darasa zima lilinyamaza. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa upole, "Si ni otorizasio, Madamu?" Hakuna aliyecheka, kwa maana hata wengine hawakuwa na jibu jingine. Hawa ni watoto wanaopiga odi kila siku kabla ya kuingia kwa jirani. Jambo lenyewe wanalo mikononi, wameondokewa na jina lake tu. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mume wangu, na jioni ile nikaanza kuandika haya.

Maneno tunayo, tena matatu: ruhusa, idhini, kibali. Yote yametoka katika Kiarabu, na kila moja lina ndugu zake ambao tunawatumia kila siku bila kujua kwamba ni wa ukoo mmoja.

Ruhusa ni ndugu wa rahisi. Zimetoka katika shina moja. Katika Kiarabu rukhsa ni kupunguziwa, kulegezewa, kuondolewa mzigo. Wanazuoni wa Kiislamu wanalitumia kwa mambo kama ya msafiri anayefupisha sala zake, au mgonjwa anayekula mchana wa Ramadhani: sheria ipo palepale, ila mtu huyu, kwa hali yake, amerahisishiwa. Mimi ni Mkatoliki, sikulelewa na maneno hayo, lakini nilipoyasoma nilimwona kambo. Anayetoa ruhusa anafanya jambo liwe jepesi kwa mwenzake. Ndiyo maana Kiswahili kinasema mgonjwa ameruhusiwa, yaani amepona na anaweza kwenda zake. Na wanafunzi wameruhusiwa, yaani masomo ya leo yamekwisha, tokeni mkacheze. Wafanyabiashara wetu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa na kwenda hadi Dar es Salaam wanajua pia kwamba Watanzania walimpa Rais wao Ali Hassan Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Alitawala kuanzia 1985 hadi 1995, akalegeza biashara iliyokuwa imefungwa, na watu waliomwita hivyo walimaanisha kwamba amewaachia wapumue.

Idhini ni ndugu wa adhana, ule mwito wa kuwaita watu msikitini, na wa muadhini anayeita. Shina lao linahusu sikio. Kuidhinisha jambo, kwa asili yake, ni kulisikiliza. Huwezi kuidhinisha usichokisikia, wala huwezi kuidhinishiwa na mtu asiyekupa sikio.

Na kibali kimetoka nyumba moja na kubali, kabla, kibla na mkabala. Hapa kuna habari ya uso: kuelekeana, kupokeana uso kwa uso. Kanisani kwetu watu wanaombeana, "Mungu akupe kibali," na wanaposema hivyo hawafikirii karatasi. Wanafikiria uso ambao haukugeukii upande.

Sikio, uso, na wepesi. Nilipoviweka vitu hivi vitatu pamoja niliona kwamba kambo alikuwa navyo vyote pale Katuba bila kusoma kamusi. Alikusikiliza, alikutazama, kisha akakurahisishia safari. Na nikaona pia ni kwa nini nimechukia madirisha ya ofisi maisha yangu yote: pale mtu hakusikii, hakutazami, na unaondoka na mzigo mzito kuliko ule uliokuja nao.

Kiswahili hakikuzaliwa hapa. Kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19, na watu wa mfalme Msiri waliotoka Unyamwezi wakajenga mji wao wa Bunkeya, mpaka Msiri alipouawa Desemba 1891. Kisha, mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulipoanzishwa mwaka 1910 na migodi ikaita watu kutoka kila upande, Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya kambi. Nadhani hapo ndipo neno letu la ruhusa lilipoanza kugeuka. Lugha ileile ambayo mgeni alipigia odi ikawa lugha ya kuambiwa wapi unaweza kulala na saa ngapi unaweza kupita.

Kambo mwanamume, yaani babu yangu, alikuwa boi kwa mzungu mmoja mjini. Aliishi katika mtaa ulioitwa Albert, ambao sasa ndio Kamalondo, na kati ya mtaa ule na mji wa wazungu kulikuwa na eneo lililoachwa wazi makusudi, watu wasikaribiane. Usiku mtu mweusi hakutakiwa kuonekana upande wa pili bila karatasi. Wageni wakichelewa kula, kambo alichelewa kuosha vyombo, na hakuweza kurudi kwake mpaka bwana wake aandike mistari miwili kwenye kikaratasi: huyu ni wa kwangu, aachwe apite. Alituonyesha namna alivyokishika kikaratasi kile akitembea gizani, mkono ukiwa mbele kidogo, kionekane kabla yake. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa njema za kiraia kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi, ambalo kulipata ilibidi wakaguzi waje nyumbani kwako kuangalia mnavyoishi. Kambo hakuomba kadi yoyote. Alisema hakutaka mtu aje kuhesabu vijiko vyake.

Ninalisema hili kwa sababu watu wengi wa umri wangu wanafikiri kupigwa mhuri kwa kila kitu ni tabia ya Kongo huru. Ni tabia ya zamani kuliko uhuru. Tuliipokea Juni 1960 pamoja na majengo.

Sasa nifike kwa mama, maana ndiye hasa ninayetaka kumwandika.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka kumi. Nchi iliitwa Zaire, na mkoa wetu uliitwa Shaba. Baba alifanya kazi katika kiwanda huko Likasi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alijua kushona vizuri sana, kwa mkono, na kwa mashine ya kuazima kwa jirani. Duka moja mjini lilikuwa likitoa mashine za kushona kwa mkopo: unalipa sehemu, nyingine unalipa kidogo kidogo. Mama alikuwa ameweka akiba ya kutosha kwa ile sehemu ya kwanza. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimevaa nguo aliyonishonea, ili waone kazi yake.

Karani hakuitazama nguo. Aliuliza, "Bwana eko wapi?"

"Eko ku Likasi, ku kazi."

"Leta kwanza otorizasio ya bwana."

Mama alieleza kwamba bwana anajua, kwamba jambo hili wamelizungumza tangu Pasaka, kwamba pesa ni yake mwenyewe. Karani akasema hapana, ndivyo sheria. Na kweli ndivyo ilivyokuwa sheria. Sheria ya familia iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu chake cha 448, ilitaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo lingemfunga yeye mwenyewe kutimiza jambo. Na kifungu cha 215, kilichowataja watoto na watu wazima wasio na akili timamu kuwa hawana uwezo wa kisheria, kiliongeza hapohapo kwamba uwezo wa mwanamke aliyeolewa una mipaka yake. Niliisoma sheria hiyo nikiwa chuoni. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe mpaka saa ya somo lililofuata ikapita.

Basi tulikwenda Likasi. Ni kilomita kama 120, tulipanda lori, mimi katikati ya magunia ya unga. Tulimkuta baba ametoka zamu ya usiku, bado hajanawa. Mama akampa karatasi aliyoandikiwa na karani, ikiwa na nafasi tupu ya sahihi. Baba akaisoma. Akaisoma tena. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na sijui kama alijua kwamba ninasikiliza. Akasema:

"Mikono iko yako. Miye nasaini namna gani mikono ya muntu?"

Mama akamjibu, "Saini tu, baba. Lori inarudia saa tisa."

Alisaini. Nakumbuka alivyoandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeandika kwenye kaburi. Mama aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya blauzi. Tulirudi usiku. Kesho yake karani akaigeuza upande huu na upande huu akasema sahihi haina mhuri wa ofisi ya mtaa anakoishi bwana. Mama alirudi Likasi peke yake. Alipopata mhuri, mashine tuliyokuwa tumeichagua, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, ilikuwa imeuzwa. Akangoja nyingine wiki tatu.

Kwa mashine ile tulisoma, sisi watoto sita.

Nimewahi kuambiwa na wanaume ninaowaheshimu kwamba sheria ile ilikuwa na nia njema, kwamba ililinda nyumba zisivunjwe na madeni. Nimelifikiria jambo hilo kwa haki, kwa kuwa kuna mume na mke ambao deni la mmoja linamwangukia mwingine. Lakini kama ingekuwa ni kulinda nyumba, baba naye angetumwa Lubumbashi kuleta sahihi ya mama kila alipotaka kukopa. Hakutumwa hata mara moja. Kilicholindwa pale ni dirisha la karani.

Sheria ile ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 448 sasa kinasema mume na mke wakubaliane katika matendo ya kisheria yanayowafunga. Wakubaliane: wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Mume ameendelea kuitwa kichwa cha nyumba, na wako wanaosema mabadiliko hayakufika mbali, nakubaliana nao. Hata hivyo neno lile la kumtuma mwanamke akalete ruhusa limetoka katika kitabu. Baba hakuishi kuliona. Mama nilimsomea kwenye simu, nikimfasiria Kifaransa sentensi kwa sentensi, naye akaniuliza kama wameandika pia kuhusu nauli za Likasi.

Halikutoka katika vichwa, hata hivyo. Mwaka jana mdogo wangu alikwenda katika ofisi moja kwa shughuli ya kiwanja, kiwanja alichonunua kwa pesa ya saluni yake, na akaombwa barua ya mume. Alinipigia simu akilia. Nilikwenda na kifungu nimekichapisha. Aliyekuwa dirishani safari hii alikuwa msichana, labda wa miaka ishirini na mitano, na ana pete kidoleni. Alisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari. Akaniita yaya, yaani dada, akasema, "Yaya, miye nilikuta tu hivi." Nilikuta tu hivi. Sikuwa na hasira naye. Alikuwa amerithi swali kama vile sisi tulivyorithi majengo, na hakuna aliyemwambia kwamba swali limekufa tangu yeye yuko shule. Aliandika faili la mdogo wangu bila ile barua.

Jambo hili la kuomba ruhusa mahali ambapo sheria haiitaki ni ugonjwa wetu wa mji mzima. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 26, inasema wanaotaka kuandamana wawaarifu wenye mamlaka kwa maandishi. Kuwaarifu tu. Lakini waulize watu, hata waandaaji wenyewe, watakuambia, "Tumeomba otorizasio, tunangoja jibu." Ukiomba usichotakiwa kuomba, umempa mtu mamlaka ya kukunyima. Na vivyo hivyo kinyume chake: mahali panapotaka odi ya kweli, hakuna anayeipiga. Nimekwenda vijiji vya barabara ya Kolwezi ambako watu waliona magari yakiingia mashambani mwao na watu wenye kofia ngumu wakipigilia vijiti vyenye utepe mwekundu. Kibali cha kuchimba kilikuwa kimetolewa mbali sana na shamba. Mzee mmoja aliniambia kilichomuuma kabla ya shamba ni kwamba hakuna aliyemwamkia.

Naogopa kuonekana kama ninasema kila cha zamani ni kizuri. Sisemi. Lakini kuna desturi moja ambayo sitaki ife.

Siku ya mahari yangu, mwaka 2004, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshapatana. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe, pesa iko chini yake. Kila mtu alijua mambo yamekwisha. Lakini hakuna aliyegusa. Baba aliniita kutoka chumbani, nikaja nikapiga magoti mbele ya watu wote, akaniuliza kama wanavyouliza baba wa huku: "Tukule hizi feza, ao tusikule?" Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba wale. Akasema hajasikia. Akauliza mara ya pili. Shangazi yangu alikuwa amenifunza nisikimbilie kujibu, basi nikanyamaza. Mkono wa baba ulikuwa juu ya sahani, haujaifunua. Niliinua macho nikamwona. Alikuwa akingoja kweli. Kama ningesema wasile, naamini kwa moyo wangu wote kwamba angeirudisha ile sahani kwa watu wale wenye suti zao, na aibu angeibeba yeye. Mwanamume aliyeaibika kusaini mikono ya mkewe hakuweza kula pesa ya binti yake bila kuambiwa ale. Mara ya tatu nikasema kwa nguvu, na shangwe zikapigwa.

Najua wako wasichana ambao swali hilo huulizwa wakati sahani imeshakuwa tupu, pesa imeshalipa deni la mtu, na jibu lao limeandaliwa na wengine. Nimewafundisha baadhi yao; walikaa mstari wa nyuma muhula mmoja, muhula uliofuata hawakurudi. Swali lile likiulizwa hivyo ni uongo mbele ya mashahidi. Sharti lake ni mkono kubaki juu ya kitambaa mpaka jibu lije.

Mwaka juzi mama alipasuliwa tumbo. Asubuhi ya siku yenyewe alikuja muuguzi na karatasi ya idhini, naye akampa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa vichache. Mama alikuwa macho, ameketi kitandani, amesuka nywele. Akauliza, "Tumbo ni ya nani?"

Muuguzi akasema ni utaratibu tu, mama, mtoto wako atasaini.

"Banakata miye, anasaini yeye?"

Daktari aliitwa. Alikuwa kijana, na nitamheshimu daima kwa alichofanya: alivuta ndoo iliyokuwa kando, akaigeuza, akaiketia, macho yake yakawa sawa na ya mama. Akamweleza kwa Kiswahili watakata wapi, watatoa nini, hatari ni ipi. Mama aliuliza maswali kama robo saa. Aliuliza hata uzi wa kushonea ni wa aina gani, na daktari alipomjibu alitikisa kichwa kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake. Kisha akasaini. Karatasi moja tu, bila kwenda Likasi.

Alipona vizuri. Siku ya saba daktari alimruhusu, tukalipa, tukatoka. Kitanda cha jirani kilikuwa na msichana aliyejifungua kwa upasuaji, naye alikuwa ameruhusiwa kabla yetu, lakini bili ilikuwa haijalipwa, basi alibaki, yeye na kichanga chake, wakiwa wazima, wakingoja ndugu wachange. Tulipokuwa tukifunga virago mama alimwendea akamwambia, "Mwanangu, tunaomba njia." Yule msichana alishtuka. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu chochote kwa siku nyingi. Akasema, "Njia iko, mama." Mama akamwachia kitenge kimoja na mkate.

Mwezi uliopita kijana wangu alimpiga mama picha amelala kwenye kiti, mdomo wazi, akaiweka kwenye stetasi yake ya simu. Hakukusudia ubaya, aliandika chini yake kwamba anampenda. Mama aliposikia hakufoka. Alimwita akamuuliza, "Uliniomba wakati gani?" Kijana akasema, "Kambo, ulikuwa unalala." Mama akasema, "Basi ungengoja niamke." Picha ikaondolewa.

Kwa hiyo nilipomaliza kuandika haya nilikwenda kwake, nikapiga odi, nikakaa, nikamsomea yote kuanzia mwanzo. Alinisikiliza akiwa na miwani mkononi. Sehemu ya Likasi alinisimamisha mara mbili. Alisema maua ya ile mashine iliyouzwa hayakuwa ya dhahabu, yalikuwa mekundu. Nimeacha ya dhahabu kama ninavyoyakumbuka, na amekubali. Sehemu nyingine, kuhusu mwaka baba alipoacha kulipwa, alisema, "Hii hapana." Nimeiondoa.

Kisha aliinuka akaleta kopo la biskuti anamoweka vitu vyake. Karatasi ya 1989 imo, imekunjwa mara nne kama siku ile, mhuri wa mkoa wa Shaba umefifia ukawa rangi ya maji ya chai. Nilimwambia nilidhani aliichana zamani. Akanitazama.

"Ni mwandiko wa baba yako," akasema.

Nikamwomba kuipiga picha niiweke hapa. Alifikiri kwa muda mrefu, karatasi iko juu ya magoti yake, mkono wake uko juu ya karatasi.

Akasema hapana.